Jinsi ya kutumia mitishamba ya Ayurveda kwa ajili ya sukari ya damu: mwongozo kwa wakazi wa Lubumbashi

Vikopo vya mitishamba ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, vinavyosemwa kuwa vinatuliza sukari ya damu huwafikia wakazi wa Lubumbashi kwa njia nyingi: farmasi za mjini, maduka ya Wahindi, mizigo inayovuka mpaka wa Kasumbalesa, na wachuuzi wanaopanda basi wakiwa na begi moja na sauti kubwa. Mwongozo huu ni kwa mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, au ambaye sukari yake imeanza kupanda, aliyekwisha kuamua kujaribu dawa ya namna hiyo na anayetaka kuitumia bila kujidhuru. Siuandiki ili kumshawishi aianze wala kumkataza, kwa kuwa ushahidi uliopo unaruhusu matumaini madogo tu, na matumaini madogo hayafai kununuliwa kwa kuacha dawa zinazojulikana. Jambo moja nalitanguliza, maana mengine yote yanalitegemea: mitishamba hii huongezwa juu ya matibabu na haichukui nafasi yake, na asiye na njia ya kupima sukari yake hawezi kujua kama anachomeza kinamfaa, hakimfai au kinamdhuru.

Hata maneno ya kwenye kikopo yanakiri hivyo, ukiyasoma kwa utulivu. Vikopo vingi vinavyolenga soko la Marekani huandikwa kwamba bidhaa "inasaidia" sukari ya damu, kisha kwa herufi ndogo huongezwa kwamba haikukusudiwa kutambua, kutibu wala kuponya ugonjwa wowote. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1994 inaviruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kwamba vinatibu, ilimradi visidai kutibu. Kwa hiyo mchuuzi anayekuambia kwamba kikopo hicho "kinamaliza sukari kabisa" anadai jambo ambalo hata mtengenezaji wake hakuthubutu kuliandika.

Hatua ya kwanza: pata vipimo vya kweli kabla ya kununua chochote

Kiu, kukojoa usiku na miguu kuwaka moto havitoshi kumfanya mtu aanze dawa. Nenda kwenye kituo cha afya au maabara asubuhi, ukiwa hujala kitu kwa saa nane au zaidi. Sukari ya 126 mg/dl au zaidi, ikionekana katika vipimo viwili vya siku tofauti, ni kisukari; kati ya 100 na 125 ni hali ya hatari ambayo mara nyingi hurekebishwa kwa chakula na mazoezi kabla ya dawa yoyote. Maabara nyingine huandika kwa gramu kwa lita, na hapo 126 mg/dl huwa 1,26 g/l. Ni kitu kilekile.

Ugumu huanza unapojinunulia mashine ya kupimia. Mashine zinazotoka Afrika Kusini husoma kwa mmol/l, si kwa mg/dl, na zinazopita Zambia zinaweza kuwa hivyo pia. Mtu aliyezoea namba za maabara ya hapa, akiona "14" kwenye kioo, anaweza kudhani mashine imeharibika, au mbaya zaidi, akadhani sukari yake imeshuka vizuri, wakati 14 mmol/l ni kama 252 mg/dl. Namba ya mmol/l huzidishwa kwa 18 ili kupata mg/dl. Iandike hesabu hiyo kwenye ganda la mashine kwa kalamu isiyofutika, ili hata mtoto anayekusaidia kupima aijue.

Pamoja na sukari ya asubuhi, omba kipimo cha HbA1c kama uwezo unaruhusu, kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita, na ndicho kitakachotoa hukumu mwishoni mwa jaribio hili. Hapa kwetu kuna tahadhari ambayo vikaratasi vinavyofungwa ndani ya vikopo haviisemi: mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani SS, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, anaweza kupata HbA1c isiyosema kweli, ikiwa chini au juu kuliko hali halisi. Hata mwenye kurithi selimundu kwa upande mmoja tu, AS, amweleze mpimaji, kwa kuwa baadhi ya mashine za maabara huvurugwa na damu ya namna hiyo. Watu kama hao wategemee zaidi vipimo vya kidole vilivyoandikwa daftarini.

Omba pia kreatinini, ili kujua hali ya figo, na vipimo vya ini. Vipimo hivi vinakulinda mara mbili: vinakuonyesha kama unaruhusiwa kuanza, na vinakupa kitu cha kulinganisha baadaye ikiwa mwili utaleta malalamiko.

Kuhusu fedha, nasema wazi kwamba kama mfuko unatosha kitu kimoja tu, yaani kikopo cha mitishamba au bandeleti (vipande vya kuwekea damu kwenye mashine) za kupimia, basi nunua bandeleti.

Hatua ya pili: jiulize kama wewe ni miongoni mwa wasiopaswa kuitumia

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, hana cha kutafuta hapa. Akipunguza insulini kwa kutegemea unga wa majani anaweza kufa katika muda wa siku chache. Watoto wasipewe. Mama mjamzito asitumie: uwatu kwa wingi na karela, mitishamba miwili nitakayoieleza katika hatua ya nne, vyote vinashukiwa kuchokoza mji wa mimba, na sukari ya wakati wa mimba inahitaji kufuatiliwa hospitalini. Mama anayenyonyesha pia angoje. Mwenye ugonjwa wa ini au wa figo asianze bila daktari kukubali. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda asiguse uwatu wala manjano ya vidonge kabla ya kuuliza. Anayetarajia kupasuliwa aache mitishamba hii wiki mbili kabla, na amtajie daktari wa usingizi kwamba alikuwa akiitumia.

Kuna kundi jingine ambalo halizungumzwi sana. Watu wengi katika nchi yetu wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ule unaofanya damu ivunjike baada ya kula kunde fulani au kumeza baadhi ya dawa za malaria. Mbegu za karela zina kemikali inayoweza kuwaletea shida hiyohiyo. Aliyewahi kukojoa mkojo mweusi kama kola baada ya dawa ya malaria asimeze vidonge vya karela.

Hatua ya tatu: mwonyeshe daktari kikopo chenyewe

Wagonjwa wengi huficha mitishamba kwa kuogopa kugombezwa, na wengine hutaja "dawa ya kienyeji" tu, neno ambalo halimsaidii daktari chochote. Peleka kikopo, au picha ya lebo iliyopigwa kwa simu, pamoja na pakiti za dawa zako zote, hata zile za presha. Inatosha kusema: "Dokta, nimeletewa dawa hii ya India, nami asubuhi nakunywa glibenklamidi, naomba uniangalizie kama zinapatana." Daktari aliyeulizwa kwa heshima namna hiyo mara nyingi hujibu kwa heshima, na kama hakubali ataeleza sababu.

Glibenklamidi naitaja kwa makusudi. Dawa hii, ambayo wengi huijua kwa jina la Daonil, hulazimisha kongosho kutoa insulini iwe mtu amekula au hajala, na nguvu yake huweza kudumu siku nzima. Ukiiwekea juu yake majani yanayoshusha sukari, kushuka kunaweza kupita kiasi. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni kama dozi ya glibenklamidi inapaswa kupunguzwa, na kupunguza huko kufanywe naye, si wewe.

Inafaa pia kukumbuka kwamba metformini yenyewe ina ukoo na mmea. Ilitokana na uchunguzi wa Galega officinalis, jani la Ulaya lililotumiwa tangu zamani, na ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa kisukari nchini Ufaransa mwaka 1957. Kwa hiyo ugomvi wa "dawa ya mzungu" na "dawa ya asili" hauna msingi mkubwa. Tofauti inayomhusu mgonjwa ni kwamba kidonge cha metformini kimeandikwa miligramu 500 na kweli zimo 500, lakini ndani ya kijiko cha unga wa majani hakuna ajuaye kuna kiasi gani cha kitu kinachofanya kazi.

Hatua ya nne: chagua bidhaa kwa kuisoma, si kwa kuisikia

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mitishamba ya Ayurveda inayowekwa katika dawa za sukari si mingi, na ukiijua kwa majina utaweza kusoma lebo yoyote.

Gurmar, kwa jina la kitaalamu Gymnema sylvestre, ni jani ambalo likitafunwa huuzima utamu ulimini kwa nusu saa au zaidi; sukari huonekana kama mchanga. Majaribio yaliyofanyika Madras na kuchapishwa mwaka 1990 yaliwapa wagonjwa miligramu 400 kwa siku za jani lililokamuliwa, na sukari ikapungua. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wachache, na hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu bila kujua, kwa hiyo ushahidi huo ni dhaifu. Karela, yaani Momordica charantia, ilijaribiwa kwa uangalifu zaidi nchini Thailand: gramu 2 kwa siku zilishusha sukari kidogo, lakini chini ya metformini ya gramu 1. Uwatu, ambao Wahindi huuita methi, una nyuzi nyingi zinazopunguza kasi ya chakula kuingia damuni, na majaribio mengi yametumia kati ya gramu 5 na 25 za mbegu kwa siku; ukilinganisha na kidonge chenye miligramu 100 za uwatu utaona kwamba kidonge hicho ni pambo tu. Pengine utakutana pia na mbegu za zambarau (jamun), manjano (haldi), amla, mwarobaini na giloy. Kuhusu giloy, yaani Tinospora cordifolia, madaktari wa Mumbai walieleza wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia wakati wa janga la korona, na kwa sababu hiyo mimi ningechagua bidhaa isiyo nayo.

Vijaysar ni gome na mti wa ndani wa Pterocarpus marsupium; huko India huchongwa bilauri zake, maji yakalala humo usiku, yakanywewa asubuhi yakiwa na rangi ya kahawia. Nimeona ni lazima kuutaja kwa sababu ni ndugu wa mukula wetu, na tayari kuna wanaosema kwamba, basi, na mukula utafanya vivyo hivyo. Miti ya jamaa moja haina lazima ya kuwa na dawa moja, na hakuna kipimo cha mukula kinachoweza kupendekezwa kwa mgonjwa wa sukari.

Ukishajua majina hayo, fuata utaratibu huu dukani. Chagua bidhaa inayoorodhesha kila mmea kwa jina lake la Kilatini na uzito wake kwa miligramu. Lebo inayosema tu "mchanganyiko wa siri wa mitishamba 21" irudishe kwenye rafu. Chagua yenye mimea michache, ikiwezekana mmoja, ili likitokea jambo ujue limetoka wapi. Tafuta namba ya leseni ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na anwani kamili. Muulize mwenye farmasi kama bidhaa inajulikana kwa ACOREP, mamlaka ya Kongo inayosimamia dawa. Akikasirika kwa swali hilo, hilo nalo ni jibu. Unga uliomiminwa kwenye chupa ya plastiki isiyo na lebo usinunue, hata ukiuzwa na mtu wa kanisani kwenu.

Sasa tuje kwenye madini. Ayurveda ina tawi la kale linaloamini kwamba madini yaliyochomwa na kusagwa kwa utaratibu maalumu hugeuka dawa, na baadhi ya dawa hizo zimekusudiwa hasa kwa ugonjwa wa sukari. Vasant Kusumakar Ras na Trivanga Bhasma ni mifano miwili: ya kwanza ina risasi na zebaki pamoja na dhahabu, ya pili ina risasi, bati na zinki. Ukiona neno "bhasma", "ras", "parad" au "naga" kwenye lebo ya dawa ya kumeza, iache. Mara nyingine madini huingia bila kuandikwa. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya aina 70 za dawa za Ayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Tangu Januari 2006 serikali ya India imedai bidhaa za mitishamba zinazouzwa nje zipimwe madini haya manne, yaani risasi, zebaki, aseniki na kadimi, na kiwango cha juu cha risasi kikawekwa kuwa sehemu 10 kwa milioni. Kwa hiyo una haki ya kumwomba muuzaji wa jumla cheti cha kipimo cha toleo hilohilo.

Mkazi wa Katanga ana sababu ya ziada ya kuwa mkali katika jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini vya huku kwetu, ukakuta kobalti, risasi, kadimi na urani kwa kiasi kikubwa kuliko kwa wanaoishi mbali. Mwili ambao tayari unapokea vumbi hilo kila siku, na figo ambazo tayari zinasumbuliwa na sukari, havihitaji kuongezewa risasi kutoka kwenye kikopo.

Hatari ya mwisho ni udanganyifu wa kuchanganya dawa ya kisasa ndani ya "mitishamba". Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 walifikishwa hospitalini kwa kushuka sukari, na wanne wakafa, baada ya kumeza dawa haramu za nguvu za kiume ambazo ndani yake mlikuwa na glibenklamidi nyingi. Wengi wao hawakuwa hata na kisukari. Majani ya kweli hufanya kazi polepole, kwa wiki. "Mitishamba" inayotoa sukari 300 na kuifikisha 90 siku ya pili inapaswa kukutia hofu, na ndiyo ya kupeleka kwa daktari haraka.

Kwa unga wa gurmar kuna jaribio dogo la nyumbani: weka kidogo ulimini, zungusha kwa dakika moja, suuza kinywa, kisha onja sukari. Ikiwa bado ni tamu kabisa, uliuziwa majani mengine. Ikiwa utamu umepotea, jani ni la kweli, ingawa hilo halikuambii lolote kuhusu risasi au kuhusu dawa iliyochanganywa.

Hatua ya tano: andika daftari wiki mbili kabla ya kuanza

Usianze siku uliyonunua. Kwa wiki mbili, endelea na dawa na chakula chako cha kawaida, ukipima asubuhi kabla ya kula na, siku mbili au tatu za wiki, saa mbili baada ya mlo mkubwa. Andika tarehe, saa, namba, ulichokula na dawa uliyokunywa. Nawa mikono kabla ya kupima, kwa sababu kidole kilichoshika embe kitatoa namba ya embe. Kopo la bandeleti lifungwe mara moja baada ya kutoa moja, na lisiachwe ndani ya gari wala dirishani, hasa katika joto la Septemba na Oktoba, kwa kuwa bandeleti zilizopata joto au unyevu hudanganya.

Ukiona katika wiki hizo mbili kwamba sukari inapita 250 kila asubuhi, jaribio la mitishamba lisubiri. Unahitaji matibabu kurekebishwa kwanza. Ikiwa kuna kutapika, kupumua kwa kasi au kusinzia kusiko kwa kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: anza kwa kiasi kidogo

Anza bidhaa moja tu, katika wiki ambayo huna safari, huna msiba na huna mfungo. Tumia nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo kwa siku saba za kwanza, kisha, kama namba ni salama na tumbo limetulia, panda hadi kiasi cha lebo na usikipite. Meza pamoja na chakula au muda mfupi kabla yake, na usimeze siku ambayo hutakula. Uwatu na unga wowote wenye nyuzi nyingi uachane na vidonge vingine kwa saa mbili, kwa kuwa huweza kuvichelewesha kuingia mwilini. Unga ukorogwe katika maji mengi yaliyo salama, usilambwe mkavu ukakukaba. Gesi na kuharisha kidogo katika siku za mwanzo hutokea sana kwa uwatu, na jasho lenye harufu yake si ugonjwa.

Wiki nne za kwanza pima kila asubuhi. Anayetumia glibenklamidi au insulini, na ambaye daktari amemruhusu kuendelea, apime pia kabla ya kulala na kila anapojisikia vibaya.

Hatua ya saba: fahamu sukari inaposhuka mno, na ufanye nini

Chini ya 70 mg/dl ni hatari. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu na maneno kuchanganyika. Watu wa nyumbani wazijue, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hukataa kwamba ana shida, na jirani anaweza kudhani amelewa.

Mpe mara moja vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 70, rudia. Ikipanda, ale chakula cha kawaida. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Aliyekuwa ametumia glibenklamidi apelekwe hospitali, iwe Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au iliyo karibu, hata kama ameamka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, usiku watu wakiwa wamelala. Na kwa anayetumia gurmar: ulimi wake huenda usisikie utamu wa maji ya sukari, asije akasema si sukari akakataa kunywa. Damu itaipokea vilevile.

Jambo la mifungo linahitaji kusemwa bila kuzungukazunguka. Katika makanisa yetu watu hufunga siku tatu, saba, hata zaidi, na Waislamu wa mji huu hufunga Ramadhani. Kufunga huku ukimeza glibenklamidi na mitishamba inayoshusha sukari ni njia ya hakika ya kuanguka ukiwa katika maombi. Kabla ya mfungo, acha mitishamba kabisa, muulize daktari dawa za kawaida zipangwe vipi, na umweleze mchungaji au shehe hali yako. Sukari ikishuka chini ya 70, au ikipita 300, fungua siku hiyo.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kwa kuwa kila mgonjwa amekwisha kuambiwa. Lakini hakuna jani litakalolishinda donge la bukari la ukubwa wa vichwa viwili linaloliwa usiku na kufuatwa na munkoyo uliotiwa sukari. Punguza donge, ongeza sombe, lengalenga na maharagi, ondoa sukari kwenye chai, na tembea nusu saa baada ya mlo. Mabadiliko hayo yafanye kabla ya kuanza dawa au uyaache yalivyo hadi jaribio liishe. Ukiyaanza siku moja na kikopo, hutajua sifa ni ya nani.

Hatua ya nane: acha mara moja ukiona haya

Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai nzito, kuwashwa mwili mzima au maumivu chini ya mbavu za kulia ni malalamiko ya ini. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, choo kufunga, uchovu mzito, ladha ya chuma kinywani na mikono kulegea vinaweza kuwa vya risasi. Kuvimba uso na miguu, au mkojo kupungua, ni vya figo. Acha dawa, weka kikopo pamoja na vidonge vilivyobaki, na uvipeleke kwa daktari. Kikopo kilichotupwa hakiwezi kupimwa.

Hatua ya tisa: toa hukumu baada ya miezi mitatu

Rudia HbA1c, kreatinini na vipimo vya ini, katika maabara ileile. Linganisha wiki mbili za mwanzo wa daftari na wiki mbili za mwisho. Ikiwa HbA1c imeshuka kwa nusu asilimia au zaidi, na chakula na dawa nyingine havikubadilika, na ini na figo ni salama, unaweza kuzungumza na daktari juu ya kuendelea, ukipima tena kila miezi mitatu. Ukibadilisha bidhaa, ile mpya ihesabiwe kuwa jaribio jipya tangu wiki ya kwanza, hata kama jina la mmea ni lilelile. Ikiwa HbA1c haikushuka, acha, usiongeze dozi wala kuongeza kikopo cha pili, na fedha iliyokuwa ikinunua vidonge hivyo inunue bandeleti na metformini. Ikiwa imeshuka sana hadi asubuhi unapata 80 au chini yake, ni daktari atakayeamua kipi kipunguzwe kwanza. Mara nyingi itakuwa glibenklamidi, na itapunguzwa kidogokidogo, huku daftari likiendelea kuandikwa.